Kutoka Chujio hadi Mawasiliano ya Seli: Historia Fupi ya Dhana ya Jeraha la Awali katika Figo

Tangu Richard Bright, daktari wa London, alipohusisha mwaka 1827 uvimbe wa mwili na albumini katika mkojo na maradhi ya figo, swali lililotawala utafiti lilikuwa moja: chujio limetoboka wapi? Insha hii inadai kuwa swali hilo, ijapokuwa lilizaa matunda, lilichelewesha kutambuliwa kwa jambo jingine, yaani kwamba tabaka za chujio huwasiliana.

Mwaka 1842 William Bowman alionyesha kuwa kifundo cha kapilari, glomeruli, kimezungukwa na kifuko kinachoendelea hadi kwenye mrija wa mkojo. Carl Ludwig naye alieleza uchujaji kwa shinikizo la damu tu. Katika maelezo hayo seli hazikuwa na kazi kubwa. Neno letu chujio, tulitumialo kwa tui na chai, limebeba taswira hiyohiyo ya kitu kisicho na uhai.

Hadubini ya elektroni ilileta ushahidi mpya. Mwaka 1957 Marilyn Farquhar na wenzake walichunguza figo za wagonjwa wa nefrosi, ambazo kwa hadubini ya kawaida zilionekana karibu nzima. Waliona kuwa vijiguu vya podositi, seli zinazoikumbatia kapilari kwa nje, vilikuwa vimebapa na kuungana. Hata hivyo, wengi waliyahesabu mabadiliko hayo kuwa matokeo ya kuvuja kwa protini, si chanzo chake. Kwa maoni yetu, hapa ndipo taswira ya chujio ilipogharimu zaidi: jeraha la awali lilionekana, lakini halikupewa uzito. Jibu lilisubiri hadi 1998, kikundi cha Karl Tryggvason kilipogundua jeni ya nefrini kwa kuchunguza familia za Kifini ambazo watoto wake huzaliwa wakipoteza protini. Nefrini hukaa baina ya vijiguu vya podositi. Kasoro yake pekee yatosha kuvujisha chujio.

Suala la mawasiliano lilidhihirika mwaka 2003 huko Toronto. Vera Eremina, Susan Quaggin na wenzao waliondoa jeni ya VEGF-A katika podositi za panya. Podositi ndizo zilizonyimwa jeni, lakini zilizotoweka ni seli za endotheli, zilizo upande wa pili wa utando. Ilibainika kuwa ujumbe wa podositi husafiri kinyume cha mkondo wa uchujaji, jambo ambalo nadharia ya Ludwig haikuwa na nafasi nalo.

Umuhimu wake kwa tiba ulionekana mwaka 2008. Watafiti haohao waliripoti wagonjwa sita wa saratani waliopewa bevacizumab, dawa inayozuia VEGF, na ambao kapilari za glomeruli zao ziliharibika kwa kuganda damu. Panya wakubwa walioondolewa jeni hiyo katika podositi walipata madhara kama hayo.