Wapiga Picha wa Wanyama na Watu Waliowaonyesha Njia

Mwaka juzi hapa Sanga nilikuwa nikiwafundisha watoto wa katekisimu habari ya kuumbwa kwa ulimwengu. Nikatundika ukutani kalenda kuukuu yenye picha ya punda milia, nikauliza: “Nani amjua mnyama huyu?” Mtoto mmoja akainua mkono upesi, akasema: “Mwalimu, huyo ni mnyama wa Ulaya.” Wenzake hawakumcheka, maana nao walidhani vivyo hivyo. Kumbe punda milia wa mwisho wa porini katika Kongo yetu nzima wako Upemba, upande huu huu wetu wa Katanga!

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta habari za picha hizi: nani alianza kuzipiga, kwa njia gani, tena nani alimfikisha mpiga picha mahali alipo mnyama. Swali hili la tatu ndilo lililonichukua muda mrefu, kwa sababu vitabu havilijibu kwa hiari.

Mwanzo wa mambo haya haukuwa kwetu. Ulikuwa Afrika ya Mashariki. Mdachi mmoja, Carl Georg Schillings, alisafiri mara kadhaa pande za Kilimanjaro na nyika ya Wamasai tangu mwaka wa 1896. Kwanza alikuwa mwindaji kama wengine. Kamera za zamani zile zilikuwa nzito, zenye vioo badala ya filamu, wala hazikuweza kuona gizani. Basi Schillings akafanya hila. Alifunga ng’ombe au punda kuwa chambo, akatega uzi, na simba alipougusa, unga wa magnesi ukawaka kama radi na picha ikajipiga yenyewe. Kitabu chake kilipotoka mwaka wa 1905 watu wa Ulaya walistaajabu mno, kwani hawajapata kumwona simba wa usiku. Jina lenyewe la kitabu launganisha mwanga na bunduki, maana alivitumia vyote viwili. Vile visanduku ambavyo walinzi wa hifadhi hufunga mitini siku hizi, vinavyopiga picha mnyama akipita, ni wajukuu wa uzi ule.

Lakini ni nani aliyejua simba hupita wapi? Ni nani aliyebeba vioo vile siku nyingi bila kuvivunja? Walikuwa wenyeji, wapagazi na wafuata nyayo. Katika vitabu vya namna ile wao huitwa “watu wangu,” kisha habari yao imekwisha.

Kwetu Katanga kamera ilifika mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Msafara wa elimu wa Charles Lemaire, wa mwaka wa 1898 hadi 1900, ulikuwa na mpiga picha wake, François Michel, pamoja na mchoraji, Léon Dardenne. Huko kaskazini, katika misitu ya Ituri na nchi ya Uele, Herbert Lang alitumwa na jumba la makumbusho la New York. Alikaa tangu 1909 hadi 1915, akarudi na picha karibu 10,000. Mtu aliyemwona okapi kwa mara ya kwanza katika picha zake hakujua kwamba kila hatua ya Lang msituni ilitegemea watu wa msitu, ambao okapi kwao hakuwa ajabu hata kidogo.

Yafaa tumtazame kwa kituo Mmarekani mmoja, Carl Akeley, kwa sababu ndani ya maisha yake twaona bunduki na kamera zikishindana. Yeye alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi za wanyama ili waonekane kama wazima. Alibuni hata kamera yake ya sinema, iliyogeuka kwa wepesi juu ya miguu mitatu, ili aweze kumfuata mnyama anayekimbia. Mwaka wa 1921 alipanda mlima Mikeno, huko Kivu, kuwatafuta ngagi, yaani gorila. Aliwaua kadhaa, kwa kuwa jumba la New York lilingojea ngozi. Lakini siku zile zile akawapiga picha za sinema, na hizo ndizo za kwanza za ngagi wakiwa porini kwao. Kisha moyo wake ukageuka. Alianza kuwaomba wakubwa wa Ubelgiji wawakinge wanyama hao, na tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo huitwa Virunga. Akeley alirudi mwaka wa 1926, akaugua njiani, akafa mwezi wa Novemba mahali paitwapo Kabara, akazikwa kuko huko mlimani.

Sasa angalieni jambo moja. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1923 Akeley aliandika sura nzima juu ya kijana wa Kikikuyu aliyemfuata tangu utotoni, akawa mshika bunduki wake na mwenzake wa safari. Sura hiyo yaitwa “Bill.” Jina halisi la kijana lilikuwa Wimbia Gikungu. Namsifu Akeley kwa kumkumbuka, maana wengine hawakukumbuka hata hivyo. Lakini mimi ni katekista, najua uzito wa jina: mtu na abatizwe na padre, asibatizwe na bwana wake wa kazi.

Tena wako Martin na Osa Johnson, mume na mke, Wamarekani, waliokwenda kuishi kando ya ziwa moja juu ya mlima wa Marsabit, kaskazini ya Kenya, wakaliita Paradise. Walikaa huko tangu 1924 hadi 1927, fedha zao zikitoka kwa George Eastman, yule mwenye kiwanda cha Kodak. Filamu yao iitwayo Simba ilionyeshwa mwaka wa 1928. Aliyewaongoza kwenye tembo alikuwa mzee mmoja ambaye wao waliandika jina lake Boculy. Alijua kusoma nyayo, kinyesi na majani yaliyovunjika kama sisi tusomavyo herufi. Wao wenyewe walikiri kwamba bila yeye wasingeona mengi. Hata hivyo mabango ya sinema yalikuwa na majina mawili tu, na jina la Boculy halikuwamo.

Miaka ile ile Kenya ilianza kuwa na viongozi wa safari waliowashauri wageni wao waache kuua, wapige picha. Denys Finch Hatton alimwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza mwaka wa 1928 na tena 1930, na katika safari hizo kamera ilipewa heshima kubwa. Hapo kazi ya kuongoza ikawa na mshahara na sifa, lakini kwa Mzungu aliyekaa mbele ya gari. Mfuata nyayo alikaa nyuma.

Turudi nyumbani. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa tarehe 15 Mei 1939. Wabelgiji waliitaka iwe mahali pa wataalamu kuliko pa watalii. Tangu 1946 hadi 1949 Gaston-François de Witte aliongoza huko msafara mkubwa wa uchunguzi, na vitabu vingi vikatokea kwa kazi yake, vyenye vyura, nyoka, samaki, ndege na majani. Vijiji vilivyokuwa ndani ya mipaka vilihamishwa. Watoto wa Sanga hawajui vitabu hivyo, wala mimi sikuvijua hata nilipokuwa seminarini.

Mzee mmoja wa hapa, ambaye Mungu amekwisha kumwita, alinisimulia kwamba zamani za Wabelgiji babake alibeba masanduku ya msafara fulani wa wapiga picha. Kila mtu alionywa kwamba akidondosha sanduku, atakatwa mshahara. Siku moja kiongozi wa mbele, mtu wa kijiji, aliwafikisha penye kundi la nyati kwa upepo mzuri kabisa. Mzungu akapiga picha, akafurahi, akampa tumbaku. “Lakini picha yenyewe baba yangu hakuiona kamwe,” akasema yule mzee. “Alikufa bado anauliza ilitokeaje.”

Ndugu msomaji, huenda wafikiri kuongoza ni kutembea mbele tu. Mlinzi mmoja wa hifadhi niliyezungumza naye Kamina alinieleza vizuri zaidi. Kwanza ni upepo: hurusha majivu kidogo hewani aone yaendako, kwa sababu tembo haoni mbali lakini pua yake haidanganyiki. Halafu ni jua. Mwindaji hajali jua liko wapi, bali mpiga picha ataka limpige mnyama usoni, tena jua la asubuhi au la jioni, maana saa sita mchana mwanga humfanya mnyama aonekane bapa kama karatasi. Basi kiongozi huna budi uzunguke mbali, upate upepo na jua kwa pamoja, na mara nyingi havipatikani pamoja. Zaidi ya hayo, mgeni akishaweka jicho katika kamera amekuwa kipofu kwa mambo mengine yote. Haoni nyati wa pili kichakani wala kiboko nyuma yake. Macho yake ni kiongozi. “Na kazi iliyo ngumu kuliko zote,” aliniambia, “ni kumwambia mgeni aliyelipa fedha nyingi: basi, imetosha, turudi.”

Watu wa kazi hii hufa. Virunga imepoteza walinzi zaidi ya 200 tangu ianzishwe. Upemba, mwezi wa Desemba 2012, mkuu wa hifadhi, Atamato Madrandele, aliuawa na watu wenye silaha. Nalitaja jina lake kwa makusudi.

Tena picha si mchezo. Mwaka wa 1956 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walionyesha filamu waliyopiga katika Kongo, na mapato yake yakawasaidia kwenda Serengeti kuhesabu wanyama kwa ndege. Huko Michael akaanguka na kufa tarehe 10 Januari 1959, baada ya tai kugonga bawa la ndege yake. Kisha Julai 2007, ngagi wa Virunga walipouawa kwa risasi, Brent Stirton alipiga picha ya wanaume wengi wa vijijini wamembeba begani dume mkubwa, Senkwekwe, kana kwamba wamebeba chifu wao. Dunia nzima iliona. Nami huitazama kwa sababu ya wale wanaume: wamejaa katika picha, jasho lawatoka, na jina linalojulikana ni la ngagi na la mpiga picha.

Mabadiliko yalikuja mwaka wa 2019, kwa njia ya kuchekesha. Mlinzi wa Rumangabo, Mathieu Shamavu, alijipiga picha kwa simu yake mwenyewe, na nyuma yake ngagi wawili yatima, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima kama watu wanaongojea misa. Picha ikazunguka ulimwengu wote. Safari hii aliyeshika kamera na aliyejua wanyama alikuwa mtu mmoja. Ndakasi alikufa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, Andre Bauma, na picha ya saa ile nayo ilienda mbali, ikiwa na jina la Bauma chini yake.

Wengine watasema: majina hayajazi sufuria. Ni kweli. Lakini katika Rwanda, tangu 2017, mgeni hulipa dola 1,500 akae saa moja tu mbele ya ngagi, na sehemu moja katika kumi ya mapato ya hifadhi hurudi kwa vijiji vya jirani. Upemba haijafika huko. Tangu 2017 serikali yetu inaiendesha pamoja na shirika moja la kigeni, na wanyama waliobaki ni wachache. Sikubali kwamba kazi ya kuongoza wapiga picha ije kwetu siku moja, na viongozi watoke Lubumbashi au Nairobi, hali vijana wa Bukama na Malemba-Nkulu wazijua njia za maji tangu utotoni.

Nimeacha hadithi ya mwisho kwa kusudi. Katika mabwawa ya Upemba yuko swala wa majini aitwaye lechwe, wa namna isiyopatikana penginepo duniani. Mwaka wa 2005 mtaalamu Cotterill alimpa jina lake la kisayansi, Kobus anselli, kwa kupima mafuvu na pembe zilizohifadhiwa Ulaya. Alikuwa na jina, lakini picha yake akiwa hai haikuwako. Mwaka wa 2025 ndipo picha ilipotangazwa, iliyopigwa katika msafara wa kuhesabu wanyama kwa ndege. Walionekana wachache mno, na wataalamu wakadhani wote pamoja hawafiki 100.

Niliichapisha picha ile mjini Kamina, nikaitundika penye ile kalenda ya punda milia. Jumapili moja akaja mgeni, mvuvi mzee kutoka upande wa ziwa, kumtembelea binti yake aliyeolewa hapa. Akasimama mbele ya picha, akainamisha kichwa, akacheka.

“Mwalimu, huyu namjua. Huyu tulimla sana.”

Nikamweleza kwamba wataalamu walimtafuta miaka mingi, na kwamba mwishowe walimwona kutoka juu, kwa ndege. Akauliza walipita upande gani wa ziwa. Nikamwambia nijuavyo. Akatikisa kichwa, akachukua kijiti, akaanza kuchora chini mavumbini: hapa mto, hapa matete, hapa kisiwa kinachobaki kikavu wakati wa mvua.

“Wangalikuja kuniuliza,” akasema, “ningaliwapeleka kwa mtumbwi.”