Harrier kutoka Japani: jeep ya kifahari inaweza kudumu miaka mingapi ku barabara ya Beni–Kasindi?

Mkulima wa Mutwanga mwenye kuuza kakao yake vizuri anaweza kuwaza kununua gari. Mwaka 2024 bei ya kakao ku soko la dunia ilipita dola 10 000 kwa tani, jambo ambalo halikuwa limeonekana mbele. Kati ya magari yenye kupendwa kuko Toyota Harrier: sura nzuri, viti laini, klimu ndani, na bei iko chini ya ile ya Land Cruiser. Lakini makuta ya shamba ya miaka mingi yakiingia mu gari kama hiyo, gari itatumika hadi lini?

Jibu fupi ni hili: motere ya Harrier yenye kutunzwa inaweza kufika kilomita 300 000 na hata kupita. Lakini kilomita hizo hazianze kuhesabiwa Kasindi. Zinaanza kuhesabiwa Japani.

Harrier ni jeep ya kweli?

Mu midomo ya watu, gari yote ya juu ni jeep. Toyota ilianza kuuza Harrier Japani mwezi wa 12 mwaka 1997, na inje ya Japani ikajulikana kwa jina la Lexus RX 300. Ilijengwa juu ya msingi wa Camry, ambayo ni gari ndogo ya mjini. Land Cruiser, Prado na Hilux ziko na shasi ya chuma, na bodi inakaa juu yake. Harrier haina shasi ya vile: bodi yenyewe njo inabeba uzito wote.

Njo maana inatembea polepole na laini ku lami. Ku mashimo, kila pigo linaingia mu amortisere, mu rotile na mu silambloki, zile mpira zinazoshika mikono ya magurudumu. Vyombo hivyo vinaisha mbele ya motere. Harrier zingine zilizotoka tangu 2003 ziko na amortisere za hewa. Mpira wa hewa ukipasuka, gari inalala chini, na mafundi wengi wanaweka resori za kawaida pa nafasi yake.

Hesabu ya kilomita

Magari ya Japani yanashuka Mombasa, yanapita Uganda, kisha Mpondwe na Kasindi. Mengi yanakuja yakiwa na umri mkubwa. Kwa kulinganisha, Marekani mwaka 2024 umri wa wastani wa magari barabarani ulikuwa miaka 12 na nusu hivi. Harrier ya 2005 imekwisha kupita umri huo zamani.

Tuseme gari imefika na kilomita 120 000 ku kontere. Ili ifike 300 000, inabakia 180 000. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi. Kwenda na kurudi ni 160. Mwenye kufanya safari hiyo mara mbili kwa juma anatembea kilomita 16 640 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, gari iko na miaka 10 na zaidi kidogo mbele yake.

Lakini kama kontere ilirudishwa nyuma, na kweli gari imetembea 220 000, miaka 10 inakuwa 5 tu. Njo maana gari ya miaka 20 yenye kuonyesha kilomita 45 000 inapaswa kutia mashaka. Pedali ya freni iliyolika, usukani unaong'aa na kiti cha shofere kilichobonyea vinasema ukweli kuliko kontere.

Kinachoiua mbele ya wakati

Cha kwanza ni mafuta ya motere. Motere za V6 za lita 3 zilizotengenezwa kati ya 1997 na 2002 zilijulikana kwa mafuta kugeuka tope ndani, na mwaka 2002 Toyota ilikubali kuongeza garanti yao Marekani. Motere ya lita 2,4 ya miaka ya kisha 2005 nayo ilijulikana kwa kula mafuta. Kwa vumbi na milima ya kwetu, kubadilisha mafuta na filtre kila kilomita 5 000 ni jambo la lazima, na kupima kiasi chake kila juma.

Cha pili ni kurua. Ile V6 ya lita 3 inatumia mkanda wa mpira wenye kubadilishwa karibu kila kilomita 100 000. Ile ya lita 2,4 inatumia mnyororo. Ukinunua bila kujua kama kurua ilibadilishwa, heri kuibadilisha mara moja.

Cha tatu ni bwati ya vitesi. Ile ya otomatiki inataka mafuta yake yenyewe. Harrier nyingi za tangu 2013 zenye motere ya lita 2 ziko na bwati ya CVT: ukiweka mafuta mengine, unaiharibu.

Cha ine ni esanse. Ya bidoni, ile ya ba Kadhafi wa barabarani, inaweza kuwa na maji ao uchafu, na pompe na enjekteri zinalipa.

Kwa Harrier ya ibridi, iliyoanza 2005, kuko batri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Vumbi likiziba njia ya hewa, inapata moto na kuisha. Kwa gari ya miaka 15 ao 20, mnunuzi ajue kwamba batri hiyo inaweza kuwa matumizi yake makubwa ya kwanza.

Gari inakufa siku gani?

Gari haikufe siku motere inasimama. Inakufa siku ambapo kuitengeneza kunapita bei yake. Hapo Harrier iko na nguvu: Uganda, Kenya na Tanzania ziko nazo nyingi, na vipuri vyake, vipya ao okazio, vinapatikana Kampala. Range Rover ao BMW ya umri ule ule inaweza kulala garajini miezi ikingojea chombo kimoja.

Na huku kwetu kuko hesabu nyingine. Sekta ya Rwenzori imejua mashambulizi ya ADF, na kulala njiani kati ya Beni na Kasindi si jambo la makuta tu. Ujenzi wa barabara ya Kasindi–Beni–Butembo, uliozinduliwa mwezi wa 6 mwaka 2021 na marais wa Congo na Uganda, unaweza kurefusha maisha ya magari pale lami inapofika. Kufika Mutwanga yenyewe, amortisere bado zinafanya kazi.

Mbele ya kulipa, mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, siyo wa muuzaji. Awashe motere ikiwa baridi, aangalie moshi, afungue kifuniko cha mafuta na kutafuta tope, asikilize vishindo ku mashimo. Na asimalize makuta yote ku bei ya gari: abakishe sehemu ya kutengeneza ya mwaka wa kwanza.