Profesa Alexander Tschirch na Sandarusi ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Alexander Tschirch (1856–1939) alikuwa mfamasia na mkemia Mjerumani aliyefundisha elimu ya dawa za asili na kemia ya dawa katika Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kwa takribani miaka 40. Anakumbukwa zaidi kwa uchunguzi wake wa utomvu wa miti, ikiwamo sandarusi, bidhaa ambayo katika karne ya 19 ilichimbwa kwa wingi katika ukanda wa pwani ya Tanzania Bara, hususan maeneo ya Rufiji, Kilwa na Lindi.

Maisha na Utumishi

Tschirch alizaliwa Oktoba 17, 1856 katika mji wa Guben, Ujerumani. Alianza kujifunza kazi katika duka la dawa, kisha akasoma na kufundisha mjini Berlin. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alisafiri hadi India na Java kuchunguza mimea ya dawa ikiwa bado shambani, na mwaka 1892 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Mwaka 1890 alihamia Bern, ambako alifundisha wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Alifariki dunia mjini humo Desemba 2, 1939.

Katika zama hizo, mfamasia alipaswa kuitambua malighafi kwa macho, harufu na maabara, kwa kuwa utomvu ulitumika katika dawa na rangi za kung'arishia, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliuchanganya na bidhaa hafifu. Tschirch alitaka utambuzi huo usimame juu ya kemia. Aliyeyusha utomvu, kisha akautenganisha hatua kwa hatua kwa maji ya magadi ya nguvu tofauti, hadi asidi zake zikajitenga na sehemu zisizoathiriwa na magadi. Matokeo hayo aliyakusanya katika kitabu chake kikubwa kuhusu utomvu na mifereji yake ndani ya mti, kilichochapishwa mwaka 1900.

Mwaka 1896, yeye na mwenzake Stephan walichapisha uchunguzi wa sandarusi iliyojulikana Ulaya kama "kopali ya Zanzibar". Asidi kuu waliyoipata waliipa jina linalotokana na jina la kisayansi la msandarusi lililotumika wakati huo, yaani Trachylobium. Leo mti huo huitwa Hymenaea verrucosa.

Ujuzi wa Wachimbaji

Jina la kopali ya Zanzibar lilitokana na soko, si asili. Zanzibar ilikuwa bandari ya kusafirishia. Sehemu kubwa ya sandarusi ilichimbwa na wanavijiji wa Bara, na ile ya kusini ilipitia bandari kama Kilwa Kivinje kabla ya kuvushwa kwa majahazi.

Wachimbaji hao walikuwa na uainishaji wao kabla maabara ya Bern haijafanya kazi hiyo. Walitofautisha sandarusi ya mti, inayotoka kwenye gome, na chakazi, ambayo haijakomaa ardhini. Iliyothaminiwa kuliko zote ni ile iliyokaa ardhini muda mrefu, hata mahali ambapo msandarusi wenyewe ulikwisha kutoweka. Baada ya kuoshwa, ngozi yake huonesha vipele vidogo kama vya kuku aliyenyonyolewa. Neno chakazi lilifika hadi kwa wanunuzi wa kigeni, nao wakalipotosha kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya punda.

Kwa hiyo, sampuli iliyofika mezani kwa profesa ilikuwa imekwisha kutafutwa, kuchimbuliwa na kupangwa kwa madaraja na watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kemia ilieleza sandarusi imeundwa na nini; wapi pa kuipata na ipi ni bora, hayo yalijulikana pwani.

Msandarusi Leo

Biashara ya sandarusi ilififia baada ya mpira wa porini kushika soko mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye rangi za viwandani zikachukua nafasi yake. Hata hivyo, msandarusi bado unaota katika misitu ya pwani. Sandarusi iliyokomaa ardhini haiwezi kurudishwa kwa kupanda miche, lakini mti unaoizalisha unaweza kuhifadhiwa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviwezesha vijiji kutenga na kusimamia misitu yao. Wilaya ya Kilwa imeonesha mfano: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata ithibati ya kimataifa ya usimamizi endelevu. Kwa njia hiyo, mazao ya msitu yanaweza kufika sokoni yakiwa na jina la kijiji yalikotoka, jambo ambalo sandarusi ya karne ya 19 haikulipata.