Kishikwambi kinafaa kusomea udaktari?

Shahada ya udaktari wa binadamu Tanzania ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Vitabu vyake ni vizito: Gray's Anatomy, kilichotoka mara ya kwanza 1858, sasa kina kurasa zaidi ya 1,000. Ndiyo maana boom likiingia, wapo wanaowaza kununua kishikwambi.

Kinasaidia wapi?
Mzigo unapungua. Vitabu na madesa vinakaa pamoja, neno unalitafuta kwa sekunde chache, na ukiwa na kalamu yake unaandika majina ya mishipa juu ya picha yenyewe.

Kinakwama wapi?
Kuwa na PDF 200 siyo kuzijua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma habari fupi na wale waliojipima kwa kuiandika bila kuiangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki 1, waliojipima waliwapita.

Ununue?
Kujipima hakuhitaji kishikwambi. Anki, programu ya kadi za maswali, ni bure kwenye simu za Android, na kadi zikishaingia unasoma hata bila bando. Anza nayo. Kishikwambi kina maana kwa anayesoma vitabu vizima na kuchora. Kama hela yenyewe ndiyo ya kula, simu na daftari vinatosha.