Kidhibiti mwendo cha kinanda cha santuri

KIDHIBITI mwendo ni kifaa cha elektroniki kinachoiwezesha santuri kuzunguka kwa kasi yake halisi, mizunguko 33⅓ au 45 kwa dakika.

Katika vinanda vingi vya zamani, kasi ya mota hufuata masafa ya umeme, wala si volti. Kinanda kilichoundiwa hezi 60 za Marekani kikitumiwa Kenya, kwenye hezi 50, hupoteza sudusi ya kasi yake na sauti ya mwimbaji huwa nzito. Transfoma pekee haiondoi kasoro hiyo.

Anayejiundia kidhibiti huhitaji sakiti ya kuzalisha mawimbi ya hezi 60, au 81 kwa santuri za 45 bila kuhamisha mkanda. Ampilifaya ya kuyakuza. Na transfoma ya kuyafikisha kwenye volti za mota. Volti hizo huweza kuua, hivyo sharti sakiti ifungiwe kisandukuni.