Habasoda na Maradhi ya Ngozi: Walivyoifahamu Wanazuoni

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ama baada ya hayo. Alitujia mama mmoja baada ya darsa, amembeba mtoto mwenye ukurutu. Aliacha marhamu ya daktari kwa kuwa muuzaji wa mafuta ya habasoda alimwambia kwamba mwenye kuiamini Hadithi hahitaji hospitali. Ngozi ya mtoto ilikuwa imechubuka. Tukaona ni wajibu kueleza wanazuoni waliifahamu vipi Hadithi hiyo.

Hadithi ni sahihi. Imamu Bukhari (aliyefariki 256 H) ameipokea kutoka kwa Bibi Aisha na Abu Huraira (R.A.), kuwa habasoda ni shifaa ya kila maradhi ila mauti. Katika mapokezi ya Bibi Aisha mna kisa cha Ghalib bin Abjar, aliyeugua safarini. Walipofika Madina, Ibn Abi Atiq alimzuru, akaagiza zisagwe punje tano au saba, kisha adondoshewe puani pamoja na mafuta. Basi tangu zama hizo palikuwa na kipimo na njia.

Al-Khattabi (388 H) alisema tamko ni la jumla na makusudio ni mahsusi, kwani hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia za dawa zote. Ibn Abi Jamra hakuridhia kuibana Hadithi hivyo. Ibn Hajar (852 H), katika Fat-hul Bari, akabainisha kuwa hutumika peke yake au pamoja na vingine: kwa kuliwa, kunywewa, kudondoshwa puani, au kubandikwa.

Huko kubandika ndiko kunakohusu ngozi. Ibn Sina (428 H) aliitaja kwa chunjua na barasi. Ibnul Qayyim (751 H) kwa vipele, pamoja na siki. Leo wataalamu wameijua thaimokwinoni iliyomo katika mbegu hii, nayo hupunguza uvimbe katika majaribio ya maabara. Mwaka 2013 watafiti wa Irani walichapisha jaribio la marhamu yake kwa ukurutu wa mikono, na matokeo yalitia moyo. Lakini mafuta hayo hayo huwasha na kuvimbisha ngozi za baadhi ya watu.

Ndugu msomaji, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Anayeitumia Hadithi kumzuilia mgonjwa tabibu hajaitetea Sunna. Na anayeuza kwa udanganyifu amefanya ghishi. Mama yule tulimrudisha kwa daktari, na chupa yake mkononi, akamwulize.

Wallahu a'lam.