Mafua ya ndege: Virusi vilivyokomaa mabandani, vikasambazwa na ndege wanaohama

NDEGE wanaohama ndio wanaolaumiwa kwanza kila mafua ya ndege yanapozuka. Hata hivyo, chimbuko la virusi hatari vya H5N1 linaonyesha kuwa ndege hao ni waathirika kama walivyo waenezaji.

Bata mwitu, bukini na ndege wengine wa majini ndio hifadhi ya asili ya virusi vya mafua vya kundi A. Kwa kawaida virusi hivyo hukaa matumboni mwao na kutoka kwa kinyesi, bila kuwadhuru sana.

Vinapoingia katika mabanda ya kuku, virusi vya H5 na H7 huweza kubadilika na kuwa vikali, kiasi cha kuua karibu kundi zima kwa siku chache. Aidha, vinasaba vya virusi hivyo vimegawanyika katika vipande 8. Aina mbili zikikutana ndani ya ndege mmoja, huweza kubadilishana vipande hivyo na kuzaa aina mpya.

Ukoo wa H5N1 unaosumbua dunia uligunduliwa mwaka 1996 kwa bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China. Mwaka 1997 watu 18 waliambukizwa Hong Kong na 6 kati yao wakafariki dunia. Mwaka 2005 virusi hivyo viliua maelfu ya ndege pori katika Ziwa Qinghai, China, na mwaka 2006 vikabainika nchini Nigeria.

Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Januari 2017, virusi vya H5N8 vya ukoo huo huo vilithibitishwa Uganda, baada ya ndege kufa katika eneo la Lutembe, kando ya Ziwa Victoria. Kenya ilipiga marufuku kuku kutoka nchi hiyo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), tangu mwaka 2003 zaidi ya watu 900 wameugua H5N1 na karibu nusu yao wamefariki. Wengi walikuwa wamegusa kuku wagonjwa au mizoga. Dalili zake ni homa kali, kikohozi na kupumua kwa shida.

Virusi hivyo havijapata uwezo wa kuenea kwa urahisi kati ya mtu na mtu. Hofu ni kwamba vinaweza kuupata, hasa baada ya mwaka 2024 kubainika kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani.

Wananchi wanashauriwa kutogusa mizoga ya ndege, kutoa taarifa kwa ofisa mifugo, na kula nyama na mayai yaliyoiva vizuri.